Kulehemu si Kuchomelea

Wapenzi wa Kiswahili wanapojadili suala la istilahi, aghalabu fikira zao huelekea kwenye makamati, makongamano na kamusi. Ni haki iwe hivyo, maana kazi iliyofanywa huko si haba. Ipo hata hivyo karakana nyingine ya istilahi isiyokuwa na katibu wala kumbukumbu za mkutano, nayo imo katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kandokando ya barabara ya Jogoo na katika vichochoro vya Maringo, Bahati, Jericho na Kariobangi. Humo neno hujaribiwa kwa moto na petroli, na likikosewa huenda mtu akaungua.

Fundi anayehusika hapa ana kibanda cha mabati hatua chache kutoka soko la Jericho. Alizaliwa Majengo, Pumwani, mtaa ambao serikali ya kikoloni iliutenga kwa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920 na ambao tangu hapo umekuwa na familia zisizokuwa na lugha nyingine ya nyumbani ila Kiswahili. Ndiyo maana, ingawa vijana wanaomzunguka humwaga Sheng mchana kutwa, yeye husema "boya" pale wenzake wanaposema "floti", na "bomba" pale wao wanaposema "pampu". Maneno hayo mawili yaliachwa pwani na Wareno. Yeye hajishughulishi na asili yake. Aliyakuta nyumbani, akayapeleka kazini.

Pikipiki iliyoletwa kibandani ilikuwa Yamaha AG100, aina iliyoundwa kwa ajili ya mashamba: mnyororo umefunikwa wote ndani ya kasha, keria za mizigo ziko mbele na nyuma, na injini ni ndogo, ya mapigo mawili. Mwenyewe ni mzee mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Daktari, ijapokuwa hakuwahi kuwa daktari wa watu wala wa wanyama. Alikuwa mhudumu wa uhimilishaji, yaani kazi ya kuwapandisha ng'ombe kwa mrija, kazi ambayo nchini Kenya ina kituo chake kikuu Kabete tangu mwaka 1946. Serikali ilipoanza kujiondoa katika huduma hiyo miaka ya mwanzo ya 1990, wahudumu wengi waligeuka kuwa watu wa kujitegemea. Daktari alinunua pikipiki hiyo mnadani, akafunga mtungi wa naitrojeni kwenye keria ya nyuma, akawa anazunguka vijiji vya Kiambu.

Msomaji asiyejua mambo ya ng'ombe na afahamu kwamba joto la ng'ombe halimsubiri mtu. Dalili zake hudumu kwa saa chache tu, kwa kawaida hazifiki siku nzima, na zikipita mkulima hulazimika kungoja takribani siku 21 nyingine. Pikipiki iliyokataa kuwaka asubuhi ilimaanisha wiki tatu za maziwa yaliyocheleweshwa katika boma la mtu. Ilikuwa desturi ya Daktari kuitunza kabureta yake kuliko viatu vyake. Kisha miguu ikamshinda. Akarudi Jericho, katika nyumba ya baraza la jiji ambayo wazazi wake walikuwa wapangaji, pikipiki ikaegemezwa ukutani nyuma ya nyumba, ikafunikwa kwa gunia, ikakaa miaka 11.

Mjukuu wake ni mwendeshaji wa bodaboda. Pikipiki anayoendesha si yake. Kila jioni humpelekea mwenye chombo hesabu ya siku, iwe amepata abiria au hakupata. Kwa muda mrefu alikuwa akilitazama lile gunia na kupiga hesabu ya chuma chakavu.

"Guka, hii haiwezi kuamka tena," alimwambia babu yake. "Tuiuze kwa kilo, niongezee deposti ya yangu."

"Ipelekwe kwa fundi kwanza," mzee akajibu. "Akishindwa, iuze. Akiweza, ni yako, na keria zake mbili ujibebee maziwa ya watu badala ya kumfanyia mwenzako kazi."

Hivyo ndivyo kijana alivyojikuta akiisukuma pikipiki hadi sokoni, huku moyoni akiomba fundi ashindwe.

Fundi hakugusa spana. Alifungua kifuniko cha tangi, akainamisha pua. Petroli iliyokaa miaka mingi hupoteza sehemu zake nyepesi kwa kuvukiza, nayo masalio yake huungana na hewa yakawa utomvu wa kahawia unaonata, mfano wa sandarusi ile iliyokuwa ikisafirishwa kutoka Unguja ili kutengenezewa vanishi. Harufu ikawa ni ile hasa ya vanishi. Alimwaga uchafu huo, akatia petroli mpya kidogo kwa mrija moja kwa moja kwenye kabureta, akamwambia kijana apige kiki. Injini ikawaka, ikapiga chafya mara mbili, ikazima. Ikawashwa tena, ikanguruma vizuri kwa muda, na akseleta ilipovutwa ikafifia mfano wa taa ya koroboi inayoishiwa mafuta.

"Inakohoa, tena ina kiu," fundi akasema. "Haijalewa. Afadhali ingelewa."

Maneno haya yanastahili kusikilizwa na mwanafunzi wa lugha. Katika kinywa cha fundi huyu, kukohoa ni ule mlipuko unaorudi nyuma kupitia kabureta, dalili kwamba hewa imezidi petroli. Kiu ni hali ya injini kutulia vyema mwendo ukiwa mdogo, lakini ikadhoofu inapotakiwa nguvu, kwa sababu petroli haipiti kwa wingi unaohitajika. Kulewa ni kinyume chake: petroli imezidi, plagi imelowa, moshi ni mzito, na mashine haina shabaha. Tundu kuu la kabureta, mahali hewa inapobanwa ili ivute petroli, huitwa koo. Kwa hiyo mgonjwa ana koo, ana kiu, anakohoa au amelewa, na kila neno linamwelekeza fundi kwenye kipande tofauti cha shaba. Ni vigumu kuona ni istilahi gani rasmi ingeweza kuifanya kazi hiyo upesi zaidi.

Na kwa nini afadhali ingelewa? Injini ya mapigo mawili iliyolewa huchafua plagi na kumuudhi jirani, basi. Iliyo na kiu huunguza. Mchanganyiko uliokaukiwa petroli huwaka kwa joto kali zaidi, pistoni hutanuka, ikanata kwenye silinda, na pengine kichwa chake kikayeyuka tundu. Mendeshaji aliye kwenye mwendo wa kasi huona gurudumu la nyuma limeganda ghafla.

Kijana alikuwa na shauri lake. Kabureta mpya za bodaboda zinapatikana kwa bei nafuu barabara yote ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwishoni mwa miaka ya 2000, mitaa ilifurika pikipiki kutoka China na India, na nyingi za Kichina zina injini iliyoigwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976. Vipuri vyake vimekuwa kama unga wa ugali: kila duka linavyo. Fundi alikataa. Kabureta hizo zimepimwa kwa injini ya mapigo manne, ambayo huvuta hewa kwa namna nyingine, na kuzibandika kwenye AG ni kukisia tu kiwango cha petroli. "Nikikisia," alisema, "atakayelipa ni pistoni."

Akaanza na koki, ile inayofungua na kufunga petroli chini ya tangi. Mpira wake wa ndani, wenye matundu madogo, ulikuwa umekauka ukawa kama ngozi ya kiatu, na chujio lake la waya lilikuwa limetoboka. Hapo palikuwa na nusu ya kiu. Nusu nyingine ilikuwa ndani ya kabureta yenyewe. Alipoifungua bakuli, boya lilikuwa limegandia sakafuni kwa utomvu, na jeti kuu, kile kiskurubu cha shaba ya njano chenye kitundu katikati, ilikuwa imeziba kiasi kwamba ukiielekeza kwenye jua huoni nuru.

Kijana, kwa nia njema, aliokota kipande cha waya wa breki ili aizibue. Fundi alimshika mkono kabla waya haujafika. Jeti ina namba iliyopigwa juu yake, na namba hiyo hueleza ukubwa wa kitundu. Waya wa chuma ni mgumu kuliko shaba ya njano; ukisugua mara tatu, kitundu hutanuka, namba ikabaki pale pale ikisema uongo. Atakayekuja baadaye ataisoma, ataiamini, na hatajua kwa nini pikipiki inalewa. Akachomoa uzi mmoja wa shaba nyekundu kutoka kwenye waya wa umeme wa redio, laini kuliko jeti yenyewe, akauloweka pamoja na jeti hadi kesho yake, kisha akaupitisha taratibu na kupuliza kwa pampu ya baiskeli. Jambo hili linafundishwa kwa sekunde tano na kusahaulika kwa muda uo huo; gereji za jiji zimejaa jeti zenye namba za uongo.

Sindano ya boya ilikuwa na ugonjwa mwingine. Hiyo ndiyo inayofunga mlango wa petroli bakuli likijaa, na ncha yake ilikuwa imechimbika pete nyembamba kwa kusugana na kiti chake miaka mingi. Sindano ya namna hiyo haifungi sawasawa, petroli hufurika. Kutengenezeka haikutengenezeka. Fundi alishinda nusu siku Kirinyaga akilinganisha vipande, hadi alipopata kimoja ndani ya kabureta ya Mikuni iliyokuwa imetupwa kwenye kreti la vyuma.

Likabaki suala la mwinuko. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko Mombasa. Kabureta haijui jiografia: hupima petroli ile ile kwa hewa iliyopungua, na pikipiki iliyotulia vizuri Likoni hulewa kidogo ikifika Jericho. Sindano ya akseleta ina mifuo kadhaa ya kuwekea klipu. Klipu ikipandishwa mfuo mmoja, sindano hushuka, petroli ikapungua. Fundi aliikuta klipu iko mfuo wa pili kutoka juu. Daktari, aliyekuwa ameketi kwenye benchi akitazama, alisema kwamba aliiweka hapo mwenyewe kwa sababu ya baridi na milima ya Limuru. Fundi akaiacha hapo hapo.

Jambo zito lilikuwa tangi. Kutu ilikuwa imelila kwa ndani. Alitia siki, akaiacha siku tatu, kisha akatia kokoto ndogo na maji, yeye na kijana wakalitikisa kwa zamu hadi mikono ikawauma. Maji yalitoka mekundu, halafu ya chungwa, halafu meupe. Ili kuua ukali wa siki alisuuza kwa magadi, yale yale yatokayo ziwa Magadi na kutiwa katika mboga. Kutu ilipoondoka, kitundu kikajitokeza nyuma, upande wa chini, pale maji hutuama chini ya petroli.

"Si niipeleke hapo kwa jamaa wa grili ichomwe?" kijana aliuliza. "Ni dakika tano."

"Ichomelewe au itiwe lehemu?"

"Si ni kitu kimoja, Mzee?"

"Keti," fundi akamwambia, naye akaketi juu ya tairi.

Si kijana huyo peke yake anayeyachanganya maneno haya. Hata katika maandishi ya wasomi si ajabu kukuta "lehemu" ikitumiwa kwa kazi zote mbili. Kuchomelea ni kuunganisha chuma kwa kukiyeyusha, kwa mwale wa umeme au ndimi za gesi, na hata anayeunga kwa ufito wa shaba ya njano huhitaji joto la karibu nyuzi 900. Kulehemu ni kuunganisha kwa lehemu, mchanganyiko wa risasi na bati ambao huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, ilhali chuma chenyewe hakiyeyuki. Tangi la petroli lililo tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na mvuke huo hujificha katika mishono na ndani ya kutu hata baada ya kuoshwa. Ndimi za moto zikifika hapo, tangi hugeuka bomu, na aliye karibu nalo ni yule aliyeinama akilitazama. Fundi hakusimulia kisa cha mtu yeyote. Alisema tu kwamba mafundi wote wa rika lake wanamjua mmoja, akabadili mazungumzo.

Kazi yenyewe aliifanya hivi. Alilifunga tangi kifuniko, akaligeuza juu chini ili kitundu kiwe juu, akalijaza maji kupitia tundu la koki hadi yakabakia kidole kimoja tu kufikia kitundu. Nafasi ya mvuke ikawa ndogo mno, na tundu la koki likaachwa wazi ili lolote lililosalia lipumue. Akasugua chuma kwa msasa hadi kikang'aa. Akapaka tindikali iliyokwisha kuuawa kwa vipande vya zinki kutoka kwenye ganda la betri za tochi, ufundi ambao mafundi wa mabati wa Kamukunji wanaujua vizuri. Nyundo ya shaba ya kulehemia aliipasha moto kwenye jiko lililowekwa mbali, upande wa pili wa kibanda, akawa anaijia na kurudi nayo mara sita au saba. Moto haukulikaribia tangi hata mara moja. Lehemu ilitandaa juu ya kitundu kama samli kwenye kikaango.

Ni lazima isemwe kwamba lehemu hiyo ina risasi, na risasi si rafiki wa mwili. Fundi anajua. Kwa zaidi ya miaka 20 aliosha mikono yake kwa petroli kila jioni na kuivuta kwa mdomo kupitia mpira, wakati petroli ya Kenya ilikuwa ikitiwa risasi ili injini zisigonge. Zoea hilo la kutia risasi lilikoma nchini mwanzoni mwa mwaka 2006, baada ya kampeni iliyoongozwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Gigiri, upande wa pili wa jiji hili hili. Na mwaka 2021 shirika hilo likatangaza kwamba Algeria, nchi ya mwisho duniani, imeacha kuiuza petroli hiyo. Habari ya hatari ilichukua miaka mingi kuvuka kutoka kwenye ripoti hadi kwenye vibanda. Leo fundi huosha mikono kwa sabuni na machicha ya mbao, na humkataza kijana kuvuta petroli kwa mdomo, ingawa yeye mwenyewe huteleza akifanya haraka.

Petroli mpya waliinunua kituoni. Ile ya chupa za kando ya barabara fundi haiamini tangu enzi ambazo mafuta ya taa yalikuwa rahisi sana na wachuuzi wakichanganya. Septemba 2018 serikali iliyatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuuondoa mvuto huo, lakini fundi amebaki na shaka yake. Katika tangi la kwanza alitia pia oili kidogo ya mapigo mawili. AG ina bomba lake dogo la oili linalojipimia lenyewe, na baada ya miaka 11 hewa ilikuwa imejaa ndani ya mrija wake. Alilegeza kiskurubu cha kutolea hewa, akangoja hadi mapovu yakaisha na oili ikatoka safi, akakaza. Mafundi wengi hulikata bomba hilo na kumwambia mteja achanganye mwenyewe maisha yake yote. Ni njia ya mkato, na siku mteja akisahau kuchanganya injini hufa.

Iliwaka kwa kiki ya tatu. Kijana aliiendesha hadi Umoja na kurudi, fundi akafungua plagi na kuitazama: haikuwa nyeusi ya kulewa, wala nyeupe ya kiu. Ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Akampa Daktari aitazame, naye akaigeuza-geuza kwenye mwanga kwa muda mrefu bila ya kusema kitu, kisha akaomba apewe ile sindano kuukuu ya boya aende nayo nyumbani.

Kwa wiki nzima kijana alibeba kreti za maziwa kabla ya mapambazuko, na haikuzima njiani hata siku moja. Jumamosi alikwenda kumrudishia mwenye bodaboda ufunguo wake. Alipopita kibandani kulipa salio la ufundi, fundi alimpa kopo la rangi nyeupe na brashi, akamwambia aandike chini ya tangi, karibu na kile kibandiko cha lehemu, ili fundi yeyote atakayelifungua siku za usoni aone. Kijana akalala chali, akaandika USICHOME. Fundi aliinama, akasoma, akatia kitambaa petroli na kumpa afute.

"Andika neno lenyewe."

Akaandika tena, kwa herufi kubwa zilizopinda kidogo: LEHEMU. USICHOMELEE.